Kilo 45 za Mafuta: Maisha ya Utafiti ya Yvonne Brill

Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Dishi lake kubwa lilielekezwa juu ya Bahari ya Hindi, kwenye setilaiti ya Intelsat iliyokuwa kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta. Chombo kilichopo kwenye kimo hicho huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, kwa hiyo mtu aliye chini hukiona kama kimesimama mahali pamoja usiku na mchana. Ndiyo sababu simu za kimataifa, picha za televisheni na mawasiliano ya meli yaliweza kutegemea setilaiti.

Lakini setilaiti hiyo haijasimama. Inakwenda kwa kasi ya kilomita 3 kwa sekunde, na kila siku Jua na Mwezi huivuta kidogo kidogo kutoka kwenye usawa wa ikweta. Ikiachwa hivyo, njia yake huinama kwa karibu nyuzi moja kila mwaka. Baada ya miaka michache mtu wa kituo cha ardhini ataona setilaiti ikipanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, ikichora umbo la 8 angani, na dishi lililofungwa imara litakuwa likiitafuta badala ya kuipokea. Kuizuia isiyumbe hivyo kunahitaji injini, na injini inahitaji mafuta. Mafuta yakiisha kazi ya setilaiti imekwisha, hata kama kamera, redio na paneli zake za jua bado ni nzima kabisa.

Mhadhara huu unahusu mwanasayansi aliyeshughulika na tatizo hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliitwa Yvonne Brill, mkemia aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi Marekani na Uingereza. Nje ya ulimwengu wa wahandisi wa anga hakuna wengi wanaomjua. Wanaojulikana ni waliojenga roketi kubwa zinazopaa kwa kishindo mbele ya kamera. Kazi ya Brill huanza roketi hizo zikishamaliza yao, kule ambako hakuna mtazamaji.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1924 St. Vital, kitongoji cha jiji la Winnipeg katika jimbo la Manitoba. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yvonne Madelaine Claeys. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ubelgiji na baba yake alikuwa seremala. Alipofika Chuo Kikuu cha Manitoba alitaka kusomea uhandisi, akakataliwa. Wanafunzi wa uhandisi walipaswa kupitia kambi ya mafunzo nje ya mji, na ikaelezwa kwamba kambini hakukuwa na malazi ya wanawake. Suala la mahali pa kulala liliamua aina ya elimu atakayopewa mtu. Akachukua hisabati na kemia, akahitimu mwaka 1945.

Ubaguzi huo unastahili kulaaniwa bila kuupaka rangi, na mwandishi huyu hataki kusema kwamba ulimsaidia. Hata hivyo uliacha alama katika utafiti wake wote. Brill aliingia kwenye roketi akiwa mkemia, na jicho lake lilitazama kwanza kile kinachoungua, joto linalotoka na gesi zinazobaki. Vali, mabomba na matangi aliyajifunza kazini.

Baada ya kuhitimu alihamia Santa Monica, California, akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Douglas. Wakati huo ndani ya Douglas kulikuwa na mradi ulioitwa RAND, ambao mwaka 1948 ulijitenga na kuwa taasisi inayojitegemea. Mnamo Mei 1946 mradi huo ulitoa ripoti iliyochunguza kama inawezekana kujenga chombo cha kuizunguka dunia. Sputnik ya Warusi ilikuwa bado miaka 11 mbele. Binti wa miaka ishirini na kitu alijikuta katikati ya watu wachache duniani waliokuwa wakipiga hesabu za setilaiti kwa dhati. Inaaminika kwamba katikati ya miaka ya 1940 alikuwa mwanamke pekee Marekani aliyefanya kazi ya sayansi ya roketi.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Alihamia kwenye kundi la mafuta ya roketi, na kazi ya kundi hilo ilikuwa kutabiri kwa hesabu kama mchanganyiko fulani utafaa kabla hata tone moja halijachomwa. Mtu huanza kwa kukisia joto la ndani ya chumba cha kuunguzia. Kwa joto hilo hukokotoa gesi zitakazokuwemo: mvuke wa maji kiasi gani, haidrojeni kiasi gani, molekuli ngapi zimevunjika kwa ukali wa moto. Kisha hujumlisha nishati ya gesi zote hizo na kuilinganisha na nishati iliyotolewa na mafuta. Hesabu zikikataa kulingana, hubadilisha kisio la joto na kuanza upya. Kompyuta za leo humaliza kazi hiyo kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Katika miaka ile ilifanywa kwa mashine za kukokotolea za mezani na majedwali ya karatasi, safu baada ya safu, na kosa moja katika safu ya tatu liliharibu ukurasa mzima. Aliyepita katika shule hiyo alijua kwa nini mafuta fulani yana nguvu, na ujuzi huo ulimfaa miaka 20 baadaye.

Jioni alisoma Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, akapata shahada ya uzamili ya kemia mwaka 1951. Mwaka huo huo aliolewa na William Brill, naye mkemia. Kazi nzuri za mume zilikuwa mashariki ya nchi, na kazi nzuri za roketi zilikuwa magharibi. Wakahamia mashariki. Brill mwenyewe alilisema jambo hilo waziwazi, kwamba mume mwema ni mgumu kupatikana kuliko kazi njema. Huko Connecticut alifanya kazi kwa United Aircraft, kisha familia ikahamia New Jersey. Walijaliwa watoto watatu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1966 alifanya kazi kwa saa chache, akiwa mshauri wa mafuta ya roketi kwa kampuni ya FMC.

Waandishi wengine huiruka miaka hiyo kama pengo. Hilo si kweli. Mtu aliyefuatilia mafuta ya roketi miaka hiyo, hata kwa saa chache, alishuhudia mageuzi makubwa. Sputnik ilipaa Oktoba 1957. NASA ikaundwa mwaka 1958. Mwaka 1964 Syncom 3 ikawa setilaiti ya kwanza kukaa kwenye obiti ya ikweta inayoonekana kusimama. Na katika kemia ya roketi kulitokea jambo dogo lililobadilisha ujenzi wa setilaiti zote zilizofuata, yaani kupatikana kwa kichocheo kizuri cha haidrazini.

Hapa inafaa tusimame kidogo.

Haidrazini ni kimiminika kisicho na rangi, chenye uzito karibu sawa na maji na harufu inayofanana na ya amonia. Molekuli yake ina atomi mbili za naitrojeni na nne za haidrojeni. Ni sumu kali, na mafundi wanaoijaza kwenye tangi la setilaiti huvaa mavazi yaliyofungwa kuanzia unyayo hadi utosi, wakivuta hewa kutoka kwenye bomba. Sababu ya kuvumilia hatari yote hiyo ni kwamba haidrazini haihitaji oksijeni. Ikivunjika yenyewe hutoa joto na gesi. Tangi moja linatosha, bomba moja linatosha, vali moja linatosha. Katika anga, ambako hakuna fundi wa kutumwa kurekebisha, kila kifaa kilichopunguzwa ni kifaa ambacho hakiwezi kuharibika.

Shida ilikuwa kuifanya ivunjike. Injini za mwanzo za haidrazini, kama ile ya chombo cha Mariner 4 kilichotumwa Mirihi mwaka 1964, zilihitaji kumwagiwa kwanza kiasi kidogo cha kemikali nyingine ili ziwake. Kuwasha namna hiyo kuna ukomo, kwa sababu kila mwako hula akiba ya kiwashio. Setilaiti ya mawasiliano inahitaji kuwasha injini zake mara maelfu kwa miaka mingi. Jibu lilitoka katika maabara za Shell mwanzoni mwa miaka ya 1960: punje za alumina zenye vinyweleo vingi, zilizopakwa iridiamu hadi karibu theluthi ya uzito wake ikawa madini hayo adimu. Kichocheo hicho kilijulikana kama Shell 405. Fungua vali, haidrazini ikagusa punje, na papo hapo inavunjika kuwa amonia, naitrojeni na haidrojeni yenye joto la mamia ya nyuzi. Funga vali, injini inazimika. Hakuna cheche wala kiwashio.

Mwaka 1966 Brill alirudi kazini kwa saa zote, katika tawi la anga la kampuni ya RCA huko New Jersey. Ndiyo iliyokuwa imejenga setilaiti za hali ya hewa za TIROS, na sasa ilitaka kuingia kwenye setilaiti za mawasiliano. Alikuta watu wakijadili jinsi ya kuziweka setilaiti hizo mahali pake kwa mafuta machache zaidi, na mwaka 1967 alikuwa amepata wazo lake.

Ili kuelewa thamani ya wazo hilo lazima turudi kwa Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, aliyechapisha kanuni ya roketi mwaka 1903. Kanuni yake inasema kwamba kiasi cha mafuta kinachohitajika kinategemea mambo mawili tu: mabadiliko ya kasi unayoyataka, na kasi ambayo gesi hutoka nayo kwenye mdomo wa injini. Gesi ikitoka kwa kasi zaidi, mafuta machache hufanya kazi ile ile.

Tuchukue setilaiti ya kilo 1,000. Kuizuia isiinamishwe na Jua na Mwezi kunahitaji kuisukuma kwa jumla ya takriban mita 50 kwa sekunde kila mwaka. Kwa miaka 10 hiyo ni mita 500 kwa sekunde. Injini ya kawaida ya haidrazini hutoa gesi kwa kasi ya kama mita 2,200 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo Tsiolkovsky anadai kilo 203 za mafuta. Sehemu moja ya tano ya setilaiti nzima ni haidrazini! Sasa pandisha kasi ya gesi hadi mita 2,900 kwa sekunde. Mafuta yanayohitajika yanashuka hadi kilo 158. Kilo 45 zimeokolewa. Mwenye setilaiti anaweza kuzitumia kuongeza vifaa vya mawasiliano, au akabaki na mafuta yale yale 203 na setilaiti yake ikaishi miaka 13 badala ya 10. Setilaiti moja ya RCA Satcom ilibeba chaneli 24, na kila chaneli ilikodishwa. Miaka 3 ya ziada ni fedha nyingi mno, na yote imetokana na gesi kutoka haraka kidogo kuliko ilivyozoea.

Gesi hufanywaje itoke haraka? Kwa kuipasha joto zaidi. Kasi ya gesi hukua kwa kipeuo cha pili cha joto lake, kwa hiyo ili kuongeza kasi kwa theluthi moja inabidi joto, likipimwa kutoka sifuri halisi, likaribie kuzidishwa mara mbili. Haidrazini ikishapita kwenye kichocheo haina joto jingine la kutoa. Wazo ni kuchukua umeme wa setilaiti, ule unaotoka kwenye paneli za jua na betri, na kuutumia kuipasha gesi hiyo kwa waya wa moto kabla haijatoka mdomoni. Kemia inaanza kazi, umeme unaimalizia.

Brill hakuwa peke yake kufikiria kupasha gesi kwa umeme. Kampuni nyingine zilifanya utafiti kama huo, na TRW ilikuwa na injini za aina hiyo kwenye setilaiti za Intelsat V zilizoanza kurushwa mwaka 1980. Mchango wake unaonekana wazi katika hati ya hataza aliyopewa Marekani tarehe 30 Aprili 1974, namba 3,807,657. Kichwa chake kinazungumzia mfumo wa mafuta ya aina moja wenye viwango viwili vya msukumo. Hapo kwenye viwango viwili ndipo penye akili yote.

Setilaiti ina kazi za aina mbili. Kuna kazi nzito: kuifikisha mahali pake, kuigeuza, kurekebisha makosa ya roketi iliyoibeba. Hizo zinataka msukumo mkubwa kwa muda mfupi, na injini ya kichocheo peke yake inazimudu. Kisha kuna kazi ya kila wiki kwa miaka mingi ya kupambana na mvuto wa Jua na Mwezi. Hiyo haina haraka. Inaweza kufanywa na injini inayosukuma kwa nguvu isiyofikia uzito wa yai la kuku, mradi isukume kwa muda mrefu na kwa mafuta machache. Wengine waliotaka ubora wa umeme walibuni injini mpya kabisa zenye mafuta yake, tangi lake na mabomba yake, na uzito wa vitu hivyo ulimeza faida yote. Brill aliuliza swali la mkemia na la mtu anayejali uzito wa kila skrubu: kwa nini mafuta mawili? Haidrazini iliyomo tayari kwenye setilaiti inaweza kwenda kwenye injini za aina zote mbili, kutoka tangi moja, kupitia mabomba yale yale. Injini moja ikiharibika, nyingine inachukua nafasi yake, kwani mafuta ni ya wote.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio utafiti wa uendeshaji wa vyombo vya anga ulipokomaa. Jarida la kisayansi hupenda injini yenye namba kubwa, inayowaka mezani ndani ya ombwe la maabara. Mwenye setilaiti hununua jumla ya kila kitu: tangi, vali, waya, betri, hatari ya kuharibika. Injini bora inayodai mfumo mbaya ni hasara. Kuliona hilo kunahitaji mtu anayejua kemia ya gesi na pia anayejua fundi atakavyofunga bomba, na watu wa namna hiyo walikuwa wachache, wakati ule na sasa.

Haikuwa rahisi kuipitisha. Waya unaowekwa kwenye gesi ya moto kiasi hicho lazima uvumilie mamia ya saa bila kukatika, na betri lazima zitoe umeme wa kutosha bila kudhoofisha redio. Wasimamizi wa setilaiti ni watu waangalifu kwa haki, na hakuna anayetaka chombo chake kiwe cha kwanza kujaribu kitu. Kutoka wazo la 1967 hadi injini hiyo kubebwa na setilaiti ya mawasiliano ya RCA mwaka 1983 ilipita miaka 16. Brill hakukaa akiingoja. Alishughulikia mfumo wa haidrazini wa setilaiti za Atmosphere Explorer, ambazo kuanzia 1973 zilishuka hadi chini ya kilomita 150 kupima hewa nyembamba ya huko kisha zikajisukuma juu tena kabla hewa hiyo haijaziangusha. Kwa setilaiti ya uongozaji wa meli ya NOVA ya mwaka 1981, alihusika na injini ya aina nyingine kabisa, inayotumia kipande kigumu cha teflon, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Cheche ya umeme hukwangua tabaka jembamba la teflon, likageuka gesi ya moto na kutoka. Msukumo wake ni mdogo sana, nao ulitosha kufidia ule upinzani hafifu wa hewa ulioipunguza kasi setilaiti.

Kati ya 1981 na 1983 alifanya kazi makao makuu ya NASA, Washington, akisimamia injini za mafuta magumu za Space Shuttle. Ni vigumu kupata kazi iliyo mbali zaidi na ile aliyoizoea. Kila moja ya roketi hizo mbili za pembeni ilibeba takriban tani 500 za mafuta na kuyamaliza kwa dakika 2, na ikishawashwa hakuna wa kuizima. Baada ya hapo alirudi RCA, na mwaka 1986 akahamia London kwenye shirika la INMARSAT, lililoundwa mwaka 1979 kwa ajili ya mawasiliano na usalama wa meli baharini. Alikaa huko hadi 1991, katika kipindi cha maandalizi na mwanzo wa kurushwa kwa kizazi cha pili cha setilaiti za shirika hilo. Ya kwanza ya kizazi hicho ilirushwa Oktoba 1990. Nahodha anayetoka Mombasa au Dar es Salaam na kupatwa na dhoruba katikati ya bahari alitegemea setilaiti za aina hiyo kuomba msaada, na setilaiti ilikuwa mahali pake kwa sababu injini ndogo ziliendelea kuwaka kwa zamu zake.

Heshima zilikuja, nyingi zikichelewa. Mwaka 1987 alichaguliwa kuingia Chuo cha Taifa cha Uhandisi cha Marekani, yeye aliyenyimwa darasa la uhandisi kwa kukosa malazi ya kambi. Mwaka 2010 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Wavumbuzi. Tarehe 21 Oktoba 2011, Brill akiwa na miaka 86, Rais Barack Obama alimvisha Nishani ya Taifa ya Teknolojia na Uvumbuzi katika Ikulu ya Marekani.

Alifariki tarehe 27 Machi 2013 huko Princeton, New Jersey. Siku chache baadaye gazeti la New York Times lilichapisha tanzia yake. Sentensi za kwanza zilisifu pishi lake la nyama na jinsi alivyomfuata mumewe kutoka kazi hadi kazi, na sayansi ya roketi ikafuata baadaye. Wasomaji walikasirika, gazeti likabadilisha ufunguzi huo kwenye toleo la mtandaoni, na mhariri wa wasomaji wa gazeti hilo wakati huo, Margaret Sullivan, akaandika kwamba malalamiko yalikuwa na haki.

Mjadala ule ulikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba watu wengi walilisikia jina la Brill kwa mara ya kwanza. Hasara ni kwamba hadi leo ukilitafuta jina lake utakuta habari za tanzia mara nyingi kuliko habari za hataza. Mumewe na watoto wake walikuwa sehemu ya maisha yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwaficha. Kosa lilikuwa katika mpangilio. Mwanamume aliyevumbua injini ya kuzidisha umri wa setilaiti asingeanzwa kwa habari za jikoni.

Jambo ambalo lilistahili sentensi ya kwanza kuliko mapishi ni kazi aliyoifanya katika miongo yake miwili ya mwisho. Alijua jinsi nishani zinavyotolewa: lazima mtu fulani akae, aandike barua ya mapendekezo, akusanye ushahidi, atafute watu wa kutia saini, na awasilishe kabla ya siku ya mwisho. Wanaume walikuwa wakipendekezana. Brill akaanza kuwapendekeza wanawake, mwaka hadi mwaka, kwa nishani, kwa uanachama wa vyuo vya heshima, kwa nafasi katika kamati za kitaifa, kwa uangalifu ule ule wa majedwali ya Santa Monica. Chama cha Wahandisi Wanawake cha Marekani kilinufaika sana na kazi hiyo isiyo na malipo.

Utafiti wenyewe uliendelea kusonga. Mwaka 1993 setilaiti ya Telstar 401 ilirushwa ikiwa na injini za haidrazini ambazo badala ya waya hutumia mwali wa umeme kupasha gesi, na kuifanya itoke kwa kasi kubwa zaidi. Ilitoka kwenye kiwanda kile kile cha New Jersey, ambacho wakati huo kilikuwa kimeshabadilisha wamiliki. Mwaka 1998 chombo cha Deep Space 1 kilisafiri kwa injini ya zenoni inayorusha chembe kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, na Machi 2015 setilaiti mbili za mawasiliano zilirushwa pamoja bila mafuta ya kemikali hata kidogo. Zilichukua miezi kufika mahali pake, na wenyewe waliridhika kungoja kwa sababu ya uzito waliouokoa.

Haidrazini haijastaafu. Februari 2021 gari la utafiti la Perseverance lilishushwa juu ya Mirihi na injini 8 za haidrazini zenye vitanda vya kichocheo, kwa kanuni ile ile ya miaka ya 1960. Lakini mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa kwa sababu ya sumu yake, na tangu hapo utafutaji wa mbadala umepamba moto. Juni 2019 NASA ilirusha setilaiti ndogo ya GPIM kujaribu mafuta mapya yasiyo na sumu kali, yanayoweza kujazwa bila mafundi kuvaa mavazi ya hewa. Mafuta hayo ni mazito kuliko haidrazini, kwa hiyo tangi lile lile hubeba nguvu nyingi zaidi. Tatizo lake ni kwamba hayavunjiki yakigusa kichocheo baridi. Kitanda lazima kipashwe kwanza kwa umeme hadi mamia ya nyuzi, na moto wake ukishaanza ni mkali kiasi cha kula chuma kilichotosha kwa haidrazini. Wahandisi wanaoifanya kazi hiyo sasa wanahesabu tena betri, waya, kichocheo na tangi kwenye karatasi moja.